Mtoto wa Jivu

Moto huzaa jivu, husemwa kwa dharau,
na jivu nalo likazaa kijivu,
rangi ya makaratasi yasiyofika kiwandani:
hayana jalada, hayana bei,
hayakupita chini ya jicho la mhariri.
Hayo ndiyo niliyoyatafuta,
na swali langu moja la visima vya Mji wa Kale:
chumvi ilianza kupanda lini?

Maktaba wakasema, hatuna.
Ofisi ya maji wakasema, tulikuwa nayo.
Karani akatazama dari, akaniuliza
kama nimeshafika kwa mzee Mwadime, Mikindani,
aliyestaafu na funguo za stoo mfukoni
asidaiwe na mtu.

Alikuwa nayo chini ya kitanda,
ndani ya katoni ya sabuni,
kati ya bili za stima na kadi za harusi.
"Itazame hapa. Haitoki."
Mwishowe ilitoka, naye akatoka nayo,
hadi kwa mpiga fotokopi wa Magongo,
ameikumbatia katoni
kama jogoo anayeweza kuruka.

Kurasa sitini na mbili. Ya kumi na nne haipo.
Muhuri juu: RASIMU YA TATU. ISINUKULIWE.
Kutu ya pini imekula tarakimu ya mwisho ya mwaka.
Nikaanza kuihoji nilivyofunzwa:
nani kaandika, nani kalipa,
walihesabu kwa macho au kwa midomo?
Kulipa, kalipa muuza matangi.
Kuandika, imeandika "Timu."
Timu haina mama, haina simu,
huwezi kuigongea mlango uiulize
mbona jedwali la tano lina visima arubaini
na la sita, bila mvua wala sururu,
visima hamsini na kimoja.

Nikapata ya pili, ya shirika jingine,
ndani ya kabati la ofisi moja Ganjoni.
Nikafurahi: mashahidi wawili!
Kumbe hamsini na kimoja ni wale wale,
na Kuze imeandikwa Kuzi humu na humo,
mtaa mzima umegeuzwa mtungi.
Mwangwi si shahidi wa pili.

Nilikuwa karibu kuzitupa zote mbili.
Ukurasa wa thelathini, pembeni,
kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyeandika amesimama:
*Kwa Bi Swafiya hatukupima. Hodi mara tatu.*
*Hata hivyo kamba yetu fupi. Namba tumepewa ofisini.*
Na herufi mbili, K.M.

Nilishinda na maneno hayo kutwa.
Ripoti yote ilikuwa inasema.
Hapa palikuwa panakiri.

Nikanunua kamba ndefu.
Bi Swafiya aliitika hodi ya kwanza.
Kisima kiko uani, kimefunikwa ubao wa kupigia pasi.
Nikateka, nikaonja, nikatema.
"Lini?" nikamuuliza.
"Mwaka maziwa yalipoanza kukatika kwenye chai.
Nilidhani ni muuza maziwa, nikamtukana bure maskini.
Nilikuwa na mimba ya Nassoro."
Akaingia ndani, akakawia,
akarudi na kadi ya kliniki, laini kama kitambaa,
uzito wa mtoto, muhuri, saini ya muuguzi,
tarehe, mwezi, na mwaka
tarakimu zote nne.

Nayo pia haikuchapishwa popote.
Nayo pia niliihoji: nani kaandika, kwa faida ya nani?
Muuguzi hakuwa na tangi la kuuza.

Basi katika orodha ya marejeo yangu,
baina ya vitabu vyenye migongo ya dhahabu,
utamkuta K.M., penseli, ukurasa wa thelathini,
rasimu ya tatu, isinukuliwe.
Nimenukuu.
Nimeandika pia kwamba kamba ilikuwa fupi,
na kwamba kumbukumbu ya chai ni ya mtu mmoja.

Ukurasa wa kumi na nne bado nautafuta.
Mwadime anasema huenda alifungia bajia.
Anasema pia huenda ndiye aliyeung'oa,
na hapo hucheka, akabadilisha mazungumzo.